Waifai ya duka: wa barazani na wa ndani

Nina steshenari hapa Chake Chake, mtaa wa Machomane. Natoa fotokopi, nachapisha, napiga picha za paspoti, nafanya laminesheni, na siku hizi kubwa zaidi ni kuwajazia watu fomu za mtandaoni: mikopo ya vyuo, ajira, hati za kusafiria. Kompyuta sikuisomea. Nilichokijua kuhusu ruta, kile kisanduku kinachorusha waifai, ni kwamba ikiwaka kijani kazi ipo, ikiwaka nyekundu nikanunue bando.

Karafuu ndiyo iliyonifumbua macho. Bando la mwezi lilikuwa likinishia tarehe 18, au 20 nikijitahidi, na mtandao wenyewe mzito kama uji wa muhogo. Msimu wa karafuu ulipoingia, bando likafika mwisho wa mwezi na likabaki. Wateja walikuwa wale wale na kazi ile ile. Waliopungua ni vijana wa maskani, kile kijiwe kilicho mbele ya duka, wote walikuwa mashamba wakichuma. Kumbe miezi yote hiyo nalisha maskani nzima. Na paswedi hawakuiiba. Walipewa na wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye kwake kumnyima mtu paswedi ni sawa na kumnyima maji ya kunywa. Wifi kagawa waifai! Nyumbani tulicheka mpaka basi, lakini mlipaji wa bando ni mimi.

Lau ingekuwa bando tu, ningesamehe. La pili ndilo lililoniondolea usingizi. Kijana mmoja wa maskani hiyo hiyo alikuja dukani, akasubiri wateja waondoke, akaniambia kwa adabu, "Shangazi, mbona kwenye simu yangu naona vyeti vya watu?" Akanionesha. Folda ya skana, niliyoipa jina SCAN, ilikuwa wazi kwenye kioo cha simu yake. Humo mna vitambulisho vya Mzanzibari Mkaazi, vyeti vya kuzaliwa, matokeo ya kidato cha nne, na talaka ya mtu namjua. Karatasi za watu za miezi saba. Kijana hakuvunja chochote. Alifungua programu ya mafaili kwenye simu, akagusa sehemu ya mtandao, kompyuta yangu ikajitokeza na kumkaribisha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayotumika na huku kwetu, inakataza kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ya ruhusa, lakini ningemshitaki kwa lipi ilhali mlango niliuacha wazi mwenyewe?

Tangu siku hiyo nimejifunza, nimekosea, nimerudia. Ninayoyaandika hapa, jinsi ya kuilinda waifai, yanamfaa mwenye duka kama mimi, mwenye nyumba ndogo ya wageni, mwalimu aliyekabidhiwa ruta ya skuli, au nyumba yoyote yenye watoto na simu.

Mlango wa uani

Ruta ina funguo mbili. Mmoja ni paswedi ya waifai, ile unayoombwa kila siku. Wa pili ni paswedi ya kuingilia kwenye setingi za ruta yenyewe, na huo wengi hawajui hata kama upo. Unakuta mtu amebadilisha wa kwanza, anajiona salama, kumbe ametia kufuli mlango wa mbele na wa uani ameuegesha. Mimi wangu ulikuwa admin, na paswedi yake admin, vilevile ilivyotoka kiwandani. Fundi aliyenifungia aliiacha hivyo, nami sikuuliza.

Mwaka 2016 kilizuka kirusi kikaitwa Mirai, kikateka kamera na ruta nyingi mno duniani. Hakikuwa na uchawi wowote. Kilibeba orodha ya majina na paswedi za kiwandani zipatazo 60, kikawa kinapita kifaa kwa kifaa kinabisha hodi na kuzijaribu. Admin na admin ilikuwamo.

Kwa hiyo anza hapa kabla ya jengine lolote. Pindua ruta usome kibandiko cha chini. Utakuta anwani, mara nyingi 192.168.0.1, 192.168.1.1 au 192.168.8.1, pamoja na jina na paswedi ya kuingilia. Kama kibandiko kimefutika, chukua simu iliyokwisha kuunganishwa, gusa jina la waifai, utafute palipoandikwa "Gateway" au "Router". Namba iliyo mbele yake ndiyo hiyo. Iandike juu kwenye brauza, pale pa anwani, usiitafute Google. Ukishaingia, nenda "System", "Administration" au "Management", kila ruta ina majina yake, ubadilishe paswedi. Isifanane na ya waifai.

Kisha iandike kwenye daftari. Wataalamu wengine hukataza kuandika paswedi mahali popote, mimi hilo nimelikataa. Mtu atakayeniingilia kwa mtandao hawezi kusoma daftari lililo chini ya kanga zangu kabatini. Nikiisahau, basi, nitairudisha ruta kwenye hali ya kiwandani na kuanza upya. Ila usiibandike kwenye ruta.

Ukiwa humo humo ndani, fanya mambo mawili. Tafuta "Remote Management" na uizime, maana ikiwaka, ukurasa wa setingi zako unaweza kufunguliwa na mtu aliye nje kabisa, hata asiyejua Pemba iko wapi. Na utazame sehemu ya DNS. Hiyo DNS ni kama mtu unayemuuliza njia. Ukitaja jina la tovuti, yeye anakwambia iko wapi. Mtu akiingia kwenye ruta yako akambadilisha huyo mwelekezaji, utauliza benki uelekezwe kwa tapeli, na ukurasa utaonekana ule ule. Kwa kawaida iwe imewekwa kuchukua namba yenyewe kutoka kampuni ya mtandao. Ukikuta namba zimeandikwa kwa mkono na hukuziandika wewe, zifute. Wengine huweka 8.8.8.8 ya Google au 1.1.1.1 ya Cloudflare, nazo hazina ubaya. Na brauza ikikupa onyo kwamba tovuti ya benki si salama, usibonyeze kuendelea ati kwa sababu una haraka.

Namba ya simu si paswedi

Kwenye sehemu ya waifai kuna "Security", yaani aina ya kufuli la waifai: la zamani kabisa ni WEP, kisha WPA, WPA2 na WPA3. Chagua WPA2 yenye AES, au WPA3 kama ipo. Kama una simu au printa ya zamani isiyoijua WPA3, chagua ile ya mchanganyiko, WPA2/WPA3. WEP usiiguse: ilikuja pamoja na waifai ya mwanzo mwaka 1997, na ilipofika 2001 udhaifu wake ulikwisha kuanikwa hadharani. WPA ya kwanza, ya 2003, ilikuwa kiraka cha kungojea WPA2 iliyokuja mwaka wa pili yake. WPA3 ni ya 2018. Ruta isiyojua zaidi ya WEP ni chuma chakavu, hata iwe inawaka taa zote.

Sasa urefu wa paswedi, na hapa naomba tukae kidogo. Nilikuwa nadhani mtu akitaka kukisia paswedi yangu itabidi asimame karibu na duka na kujaribu moja moja, na mimi nitamuona. Sivyo. Kwenye WPA2, simu inapobisha hodi na ruta kuitikia, kuna mazungumzo mafupi yanapita hewani. Mtu aliyekaa karibu anaweza kuyanasa, akaenda zake nyumbani, akaiachia kompyuta yake ikisie mamilioni ya mara na kulinganisha, bila ya kurudi tena mtaani kwako. Wewe huna habari. Faida kubwa ya WPA3 ni kuuziba mchezo huo wa kukisia ukiwa mbali.

Basi chukua mtindo wa Pemba nzima: paswedi ya waifai ni namba ya simu ya mwenye nyumba. Namba ina tarakimu 10. Nyingi za huku zinaanza 0777, zinabaki tarakimu 6, yaani uwezekano milioni moja tu. Kompyuta yenye kadi nzuri ya picha inazimaliza kabla chai haijapoa. Na asiyejua kama ni 0777 anajua angalau ni 06 au 07, haitomchukua muda mrefu. Jina la duka na mwaka, jina la mtoto na tarehe aliyozaliwa, hayo yote anayajua kila anayekunywa kahawa kwenye baraza lako.

WPA2 inakubali herufi 8 mpaka 63. Tumia maneno matano yasiyohusiana. Mimi nilichukua gazeti la zamani, nikafumba macho, nikaweka kidole mara tano. Linaweza kutoka kitu kama pantoni-kiroboto-tarehe-mnara-sufuria. Refu, na mtoto analishika kwa siku moja. Hilo nililoliandika hapa lishaharibika, tafuta lako. Wala usitumie methali au mstari wa taarabu, maana anayekisia naye ni Mswahili.

Halafu kuna WPS. Ni kile kitufe cha kuunganisha bila ya kuandika paswedi. Nyuma yake mna namba ya siri ya tarakimu 8, na mwaka 2011 ilibainika kwamba ruta huikagua nusu kwa nusu, na tarakimu ya mwisho inapatikana kwa hesabu ya zile zilizotangulia. Badala ya mamilioni, inabaki kujaribu mara 11,000 kwa wingi wake. Ukiiacha WPS inawaka, maneno yako matano hayana kazi. Izime.

Wageni waishie barazani

Nyumba zetu zimejengwa kwa akili. Mpita njia hukaa barazani, tena humkatazi. Akaja na kahawa, akazungumza, akaondoka. Aliye karibu zaidi anaingia ukumbini. Uani hafiki mtu ila wa nyumbani. Mimi dukani nilikuwa nimewatia wote uani: mteja, maskani, kompyuta yenye karatasi za watu, printa, na kamera, wote chumba kimoja.

Ruta nyingi zina "Guest Network". Iwashe. Huo ni mtandao wa pili unaotoka kwenye ruta hiyo hiyo, wenye jina lake na paswedi yake. Wangu nimeuita BARAZANI. Anayeingia humo anapata intaneti, haoni kompyuta wala printa. Kwa sharti moja, na ndilo lililonikosesha: kuna kisanduku cha kuwaruhusu wageni kufikia mtandao wa ndani, lazima kiwe hakina tiki. Kwenye ruta nyingine imegeuzwa, kuna kisanduku cha "Isolation" kinachotakiwa kuwa na tiki. Mimi niliwasha mtandao wa wageni, nikafurahi, nikampa yule kijana ajaribu. Akagusa simu mara mbili, SCAN ile pale! Kwa hiyo usiamini, jaribu. Unganisha simu yako kwenye mtandao wa wageni, kisha jaribu kufungua ukurasa wa ruta na kuitafuta kompyuta. Kimoja kikifunguka, rudi kwenye setingi.

Paswedi ya barazani iko kwenye karatasi ukutani, nimeipitisha laminesheni na kuacha nafasi ya kuandika kwa kalamu ya kufutika. Naibadilisha kila Jumamosi asubuhi. Kasi yake nimeipunguza, kwa sababu ruta yangu inaruhusu. Wifi akija anaombwa paswedi na watu wake, anawaonesha karatasi. Hanyimi mtu, na mimi sinyang'anywi bando.

Kamera ya ulinzi nimeiweka huko huko barazani, ingawa kila Jumamosi inabidi niiandikie paswedi mpya. Vifaa hivi vya bei ya chini havipati marekebisho kutoka kiwandani, nami siviamini kukaa chumba kimoja na kompyuta. Televisheni ya nyumbani vilevile.

Kama ruta yako haina mtandao wa wageni, unaweza kuongeza ya pili ya bei nafuu kwa waya. Hapa wengi hupanga kinyume. Ruta ya nje, inayopokea mtandao wa kampuni, iwe ya wageni. Ya pili, iliyounganishwa nyuma yake kwa waya unaoingia tundu la "WAN", iwe yako. Aliye nyuma anaweza kumfikia aliye mbele, aliye mbele hamfikii wa nyuma. Ukiwaweka wageni kwenye ile ya ndani, umewapitisha ukumbini na kuwafikisha uani.

Na folda yenyewe? Kwenye Windows, fungua setingi za mtandao uliounganishwa nao, uchague "Public network". Jina linatisha, kama kwamba unaufungua kwa umma, kumbe maana yake ni kuichukulia kama uko mahali pa watu na kompyuta ijifiche. Kwenye sehemu ya kushirikiana mafaili, washa ile ya kudai paswedi. Skana yangu nimeirudisha kwenye waya wa USB, na kila jioni kabla ya kufunga duka naifuta SCAN, kisha naenda kufuta na kapu la taka. Ukiona dakika mbili hizo nyingi, kumbuka talaka ya mtu.

Mengine

Programu ya ndani ya ruta inahitaji kusasishwa. Mwaka 2017 mtafiti wa Ubelgiji, Mathy Vanhoef, alionesha kwamba hata WPA2 ilikuwa na ufa kwenye yale mazungumzo ya kubisha hodi, na dawa ilikuwa kusasisha simu, kompyuta na ruta. Tafuta "Firmware" au "Update", na upakue kutoka kwa waliotengeneza ruta tu, si kwa rafiki aliyekutumia WhatsApp. Lakini kabla hujabonyeza, katazame uniti zako za Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla! Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, ruta inaweza isiamke tena. Mimi huichomeka kwenye UPS ya kompyuta, ile betri ya akiba, na sifanyi siku ya upepo. Ukimaliza, rudi uangalie kama WPS haikujiwasha yenyewe.

Ruta iondoe mezani. Yangu ilikuwa kaunta, karibu na dirisha, mteja anaweza kuipindua na kukisoma kibandiko chake huku akisubiri chenji. Nyuma ina tundu dogo. Ukibonyeza kwa pini sekunde 10 au zaidi, kazi yako yote inafutika na paswedi ya kwenye kibandiko inarudi. Iko juu ya kabati sasa, katikati ya duka, na mawimbi yanafika barabarani kidogo kuliko zamani.

Kuna mambo mawili nimeshauriwa sana nami siyafanyi. Kuficha jina la waifai: hakumzuii anayejua kutafuta, na simu zako zitakuwa zinaliita jina hilo kila zinapokwenda. Na kuandikisha anwani ya kila kifaa kinachoruhusiwa: anwani hizo huigizwa kwa urahisi, na simu za siku hizi hujibadilishia zenyewe, utakesha unaandikisha. Kutazama orodha ya waliounganishwa mara kwa mara kunanitosha. Nina vifaa vitano vya ndani. Nikiona cha sita, naanza kuuliza nyumbani.

Ukisafiri, bandarini Malindi kule Unguja au hotelini, jina la waifai si ushahidi wa kitu. Mtu yeyote anaweza kuipa simu yake jina la hoteli. Kazi za benki nafanya kwa bando la simu yangu, na nikirudi naiambia simu iusahau mtandao huo, isije ikajiunga yenyewe safari nyengine.

Siku ya kufanya yote haya mimi nilichagua Ijumaa, duka likiwa limefungwa kwa sala. Kompyuta niliiunganisha kwenye ruta kwa waya, kwa sababu ukibadilisha paswedi ya waifai ukiwa juu ya waifai hiyo hiyo, inakutupa nje hujamaliza kuhifadhi. Nilianza na admin, nikazima WPS na ile ya kufungulia kutoka nje, ndipo nikageukia jina na paswedi, mwisho mtandao wa wageni na majaribio yake. Ilinichukua saa moja na nusu. Nusu saa nyengine ni ya kuziingiza upya simu za nyumbani, maana zilianza kulia moja baada ya nyengine, na ya kwanza kabisa ilikuwa ya wifi.